Presha Iliyoshuka Mara Mbili

Bibi Nasilina Chapweteka alikuwa kwenye benchi la mahabusu vile vile alivyoachwa jana, mikono juu ya magoti, macho ukutani. Uji aliopelekewa asubuhi ulikuwa umeganda na kufanya ngozi juu. Hakuugusa. Hakulia pia. Binti yake Femia alikuwa amefia juu ya meza ya upasuaji, akiwa katikati ya kuzalishwa, na hospitali ilikuwa imewaandikia polisi kwamba aliyemuua ni yeye, mama yake mzazi, kwa dawa ya kienyeji.

Inspekta Ellina Kamtsendero alivuta kiti akakaa mbele yake. Akafunga vifungo vya koti. Mwezi huo baridi ya pale Chinkhombe ilikuwa inapita hata kwenye matofali.

"Bibi, umeamkaje?"

"Nimeamka, sijui wewe."

"Nami nimeamka." Ellina aliweka chupa ndogo juu ya benchi, chupa ya soda ya zamani iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Ilikuwa tupu, ndani imeacha utando wa kahawia. "Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ilikuwa na nini?"

"Dawa ya kuharakisha. Ya kumfungulia mtoto njia. Femia alipasuliwa mtoto wa kwanza, na yule mtoto hakukaa, tulimzika. Sikutaka apasuliwe tena."

"Alikunywa?"

"Nilimpa asubuhi ile ile. Akaenda nayo nyuma ya jiko, akarudi nayo tupu."

"Ulimwona akinywa?"

"Mtu mzima unamkodolea macho akinywa dawa ya uzazi? Niligeuka."

"Jibu swali, bibi. Ulimwona?"

"Nimekwambia nilimpa, akarudi nayo tupu. Andika nimemuua, tumalize."

"Siandiki kitu nisichokijua."

"Haya, kaa nacho." Bibi hakuondoa macho ukutani. "Mtoto amekula?"

"Yuko kule hospitalini, bandani kwa Mama Fanesi. Anakunywa maziwa ya kopo."

"Mwambie Fanesi mfuko wangu asiufungue."

"Una nini?"

"Vitu vya mtoto."

"Mtoto si ameshazaliwa?"

"Nitaufungua mwenyewe," bibi akasema.

Nje kwenye korido, mkuu wa kituo, Bwana Kadzuwa, alikuwa anamenya kiazi cha kuchemsha, maganda anayatupia ndoo ya takataka na kukosa.

"Dada Ellina, mahakama inakaa alasiri. Bibi amekubali. Chupa ipo. Hospitali imeandika. Unataka nani tena aje, malaika Gabrieli atie sahihi?"

"Nataka kuuliza habari ya presha."

"Presha ya nani, ya kwako?"

"Ya Femia. Hospitali wanasema ilishuka, ikapandishwa, ikakaa vizuri, halafu ikashuka tena na huko ndiko hakurudi. Dawa ikishanywewa imenywewa, mkuu. Inashusha, inaacha, inashusha? Iko kwenye bembea?"

"Udaktari ulisomea lini?"

"Sikusoma. Ndiyo maana naenda kuuliza waliosoma."

Kadzuwa alitia kiazi mdomoni akatafuna. "Nenda. Lakini nakwambia mapema, mwenyekiti wa kijiji chao amekuja tangu alfajiri. Anasema bibi akisomewa shitaka tu, hata kabla ya hukumu, nyumba yake inavunjwa. Mtu aliyemlisha sumu mwanawe hawalali naye kijiji kimoja. Na mtoto atapelekwa kituo cha yatima, maana baba yake yuko Joni, Afrika Kusini, migodini, na hapokei simu. Kwa hiyo ukienda, usirudi na porojo."

Ellina alichukua kofia yake akatoka.

*

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa barabara, nyuma ya mistari ya misonobari. Aliyemchoma Femia sindano ya mgongo aliitwa Wyson Namalomba. Alikuwa mtaalamu wa dawa za usingizi, mtu mrefu mwenye shingo nyembamba, na alikuwa amevaa nguo zile zile za kijani za siku ya kifo. Ellina alimkuta anafuta mashine iliyokwisha kufutwa.

"Kaka Wyson, hujaenda nyumbani?"

"Nikafanye nini?"

"Kula."

"Nilikula." Hakusema lini.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Unamchoma sindano. Kisha?"

Wyson aliacha kufuta. "Sindano ya mgongo inaleta ganzi kuanzia chini ya matiti hadi vidole vya miguu. Mgonjwa yuko macho, anaongea, lakini huku chini si kwake tena. Sasa, ganzi ile haichagui. Inalegeza na mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, damu inatuama miguuni kama maji bondeni, na moyoni hairudi ya kutosha. Presha inashuka. Hiyo si ajabu, inawapata wengi sana. Kazi yangu ni kukaa kichwani kwake na kuingojea."

"Ikija?"

"Dripu inakuwa tayari inakimbia. Nampa efedrini kidogo kidogo kwenye mshipa, inakaza ile mishipa. Na zaidi ya yote simlazi chali."

"Kwa nini?"

"Mimba kubwa ikilala chali inakalia mshipa mkubwa ule unaorudisha damu moyoni. Inaukalia kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Unaweza kumwaga maji na dawa kutwa nzima, mguu haujatoka kwenye mpira, hakuna kitu. Kwa hiyo nyonga ya kulia naiinua, tumbo linaegemea kushoto, mshipa unapumua."

Ellina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Vile vichupa vya dawa ulivyovunja viko wapi?"

Wyson alileta boksi gumu la sindano zilizotumika, akalifungua kwa koleo. Alikuwa amelitenga, hakuruhusu lichomwe. Ellina alivitoa vichupa kimoja kimoja, akavisogeza dirishani, akasoma jina kwenye kila kimoja. Alikuwa amekuja na wazo hilo toka kituoni: mtu amechoka, mkono umekosea, dawa ya kushusha imeingia badala ya ya kupandisha. Vichupa vilikuwa vya efedrini, vyote. Wazo likafa hapo.

"Ulitoka chumbani wakati wowote?"

"Sikutoka."

"Simu?"

"Iko kabatini tukiingia. Hata ya daktari."

"Femia alisema nini?"

Wyson aliangalia kile kiti chake kidogo cha duara kilichokuwa kichwani pa meza.

"Mara ya kwanza alisema, 'Kaka, nasikia kichefuchefu.' Wanaosema hivyo tunawapenda, maana wanatuonya kabla ya mashine. Nikampa dawa. Akatulia, akasema, 'Sasa nakuona vizuri, kumbe una masikio makubwa.' Nikamwambia alale, asinitukane nikiwa kazini. Akacheka. Presha ilikuwa nzuri. Daktari akaanza kukata. Kovu la zamani lilikuwa limeshikana, wakawa wanahangaika nalo. Halafu akapiga miayo."

"Miayo?"

"Miayo mirefu. Akasema, 'Kaka, mbona mmezima taa?' Taa zilikuwa zinawaka. Nikaangalia presha, haipo. Nikampa dawa, nikafungua dripu yote, nikampa dawa tena. Kama namwagia mchanga maji. Moyo ukawa polepole, polepole, ukaacha. Mtoto akatoka analia, mama amekwenda. Tulimkandamiza kifua mpaka daktari akanishika mikono. Daktari akauliza, alikunywa dawa gani huyu? Muuguzi mmoja akasema mama yake alikutwa na chupa. Ndiyo ikawa hivyo."

"Wewe unaamini?"

"Nilitaka kuamini."

Ellina alizunguka meza. Ilikuwa nyembamba kuliko kitanda cha mtoto wa shule. "Nyonga uliinua na nini?"

"Ziko hospitali zenye mto wa kazi hiyo. Wetu ulichanika. Nachukua kitenge cha mgonjwa mwenyewe, nakisokota kiwe kigumu, nafunga bandeji kila mwisho kisifunguke, naingiza. Cha Femia kilikuwa cha kijani, kina korongo weupe."

"Una uhakika?"

"Niliingiza kwa mikono hii."

"Niwekee mimi."

"Nini?"

"Nilale, uniwekee."

Alivua kofia akapanda. Wyson alisokota shuka, akamwinua nyonga, akaliingiza chini. Ellina aliona dunia nzima imeinama kushoto kidogo. Kisha Wyson akamfunika kwa shuka la kijani, akafunga pazia shingoni, kama anavyofanya kwa wagonjwa, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

"Kutoka hapo unaona nini?"

"Uso wako. Mashine."

"Mkono wangu?"

"Huu wa dripu tu."

Ellina aliingiza mkono mwingine chini ya shuka, akalivuta lile sokoto taratibu, akalidondosha chini upande wa pili. Mwili wake ukatua ukawa chali.

"Sasa unaona nini?"

"Uso wako. Mashine," Wyson akasema. Kisha akasogea mbele kwenye kiti. "Inspekta, umefanya nini?"

"Ungejua?"

"Nani angekitoa? Hakuna wa kukitoa."

"Sijauliza nani. Ungejua?"

"Nisingeona. Kuna pazia."

"Na Femia angehisi?"

"Ana ganzi. Ungemkata mguu asingehisi." Alisimama, akashika ukingo wa meza. "Ningepitisha mkono. Presha ilipokataa, ningepitisha mkono tu chini ya shuka nipapase. Sekunde moja. Au ningelisukuma tumbo kwa mkono liende kushoto. Niliangalia mashine. Nilikuwa naangalia mashine na dawa."

"Kile kitenge kiko wapi sasa?"

"Kilikwenda na marehemu. Vitu vyake vyote vilikwenda naye."

Ellina alishuka, akavaa kofia. Mwili wa Femia aliupokea yeye mwenyewe pale mochwari, na alikumbuka vizuri. Ulikuja umefungwa kitenge kimoja, cha njano, chenye picha za mahindi. Hakukuwa na korongo hata mmoja.

*

Banda la wasindikizaji lilikuwa nyuma ya jiko la hospitali, paa la bati na ukuta mfupi, moshi wa kuni umelala humo humo ndani. Wanawake walikuwa wanasonga nsima, ugali wa huko, wengine wanachambua maharage. Walipoona sare walipunguza sauti, isipokuwa mmoja.

"Polisi huyo! Nani kaiba kuni zangu? Mkamate Mama Jere, ndiye."

Huyo ndiye Mama Fanesi. Alikuwa mnene, ameketi mkekani, mtoto mchanga amelala kifuani pake. Binti yake mwenyewe alikuwa wodini anasubiri zamu ya kupasuliwa siku hiyo hiyo.

"Mama, habari ya mtoto?"

"Anakula kama askari. Usinikasirikie, nimesema kama askari, sijasema kama wewe. Bibi yake mtamwachia lini? Mimi leo nitakuwa na wangu, sina maziwa ya kugawa wala mgongo wa pili."

Ellina alichuchumaa. "Asubuhi ile, Femia alikuja huku na chupa. Ulimwona?"

"Kile kichupa cha mama yake? Nilimwona, na bado namdai. Alikuja nyuma ya jiko, pale nimeotesha majani yangu ya maboga, akamwaga yote. Nikamwambia, wewe mtoto, mboga zangu zimekukosea nini? Akasema, 'Mama, nyamaza, mama yangu atalia. Sista wa kliniki alisema nisinywe kitu, na mimi nataka mtoto wangu akae.' Akajipaka tone moja midomoni ili anuke dawa kidogo. Mjanja yule." Mama Fanesi alimbembeleza mtoto. "Nenda ukayaone. Yamelala chini kama yamelewa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mlikuja mkambeba bibi wa watu kama gunia, mkaondoka."

Ellina alikwenda nyuma ya jiko. Majani ya maboga yalikuwa yamenyauka sehemu moja tu, duara dogo, na udongo una doa la kahawia. Alichukua udongo kidogo akaufunga kwenye karatasi. Aliporudi, mtoto alikuwa ameamka, ngumi imetoka nje ya nguo.

Nguo ilikuwa ya kijani. Ina korongo weupe.

"Mama Fanesi, nguo hii umeitoa wapi?"

"Sijaitoa popote. Mtoto alitoka mle ndani amefungwa hivi hivi."

"Umeifua?"

"Niifue ikauke lini na baridi hii? Nimepangusa tu."

"Nipe niione. Mfunge kwenye shali lako."

Waliibadilisha. Ellina alikitandaza kitenge juu ya ukuta mfupi penye jua. Kilikuwa na makunyanzi ya kusokotwa yaliyokwenda upande mmoja, mwisho hadi mwisho. Pembeni kulikuwa na alama ya hudhurungi ya ayodini. Katikati kabisa kulikuwa na ule utelezi mweupe wa mtoto anayetoka tumboni, umekauka. Na kwenye pindo moja, nyuzi za bandeji zilikuwa bado zimekaza fundo.

Alisimama hapo. Kitenge kimoja kilikuwa chini ya nyonga ya mama na pia kilimpokea mtoto. Mtoto akitoka, mpokeaji anakuwa ameshasimama, nguo imefunuliwa mikononi. Hakuna anayeenda kutafuta nguo mtoto akiwa anadondoka. Kwa hiyo kitenge kilitoka chini ya mama kabla.

"Mama Fanesi, mkija kujifungua mnaambiwa mlete vitenge vingapi?"

"Vitatu. Cha kulalia, cha sijui nini, na cha mtoto."

"Femia aliingia na vingapi?"

"Viwili. Sote tunaingia na viwili." Mama Fanesi alimtazama kama mtu anayeuliza jua linatokea wapi. "Dada, wewe si wa huku? Nguo ya mtoto haitolewi nje kabla mtoto hajalia. Ukiitoa unamwita mwingine, asiyeonekana, aje aivae. Inabaki na bibi, ndani ya mfuko. Mtoto akilia, sista anakuja mlangoni, anaita, 'Mama wa fulani, lete nguo!' Bibi anakimbia. Ndiyo raha yenyewe."

"Siku ile waliita?"

Mama Fanesi alifikiri. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la utani. "Hawakuita. Bibi Nasilina alikaa pale mlangoni ameukalia mfuko. Hawakumwita. Tulishtukia mtoto anatoka ameshavaa."

"Sista gani alimtoa?"

"Yule mgeni. Modester. Wa kutoka ziwani."

*

Sista Modester Chisuse alikuwa peke yake kwenye chumba cha vifaa, anakunja pamba. Msichana bado, kofia imekaa upande. Ellina hakukaa. Alitandaza kitenge juu ya pamba zake, fundo la bandeji likiwa juu.

"Hiki unakijua?"

Modester aliendelea kukunja kipande alichokuwa nacho mkononi mpaka kikaisha.

"Ndiyo."

"Ulikitoa wapi?"

"Kwa Femia."

"Femia alikuwa amekivaa?"

"Hapana."

"Basi wapi?"

"Kilikuwa kimechomoza huku pembeni. Chini ya nyonga."

"Nieleze."

"Nilitafuta nguo ya mtoto kwenye beseni lake, haipo. Kule nilikotoka mama anaingia na kila kitu. Na chumba kilikuwa baridi sana, juzi yake mtoto mmoja alitoka akapoa mikononi mwangu mpaka akawa wa bluu. Nikaona hicho. Nikadhani amewekewa mto wa kumstarehesha. Nikasema, mtu ana ganzi, mto wa nini?" Alisema yote kwa sauti moja, kama anasoma tangazo la watu wengine. "Nikakivuta. Nikakifungua, nikakiweka juu ya hita kipate joto."

"Daktari alikuwa anafanya nini?"

"Anahangaika na kovu. Hawakuniangalia."

"Kisha?"

"Kisha Wyson akaanza kusema presha, presha."

"Hukukirudisha."

"Sikujua kama ni hicho. Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza."

"Ulijua lini?"

Kofia ilikuwa inaanguka. Hakuinyoosha. "Jana. Kulikuwa na mgonjwa mwingine. Nikamwona Wyson anasokota kitenge, anamwambia mwanafunzi kwa nini. Nikatoka nje."

"Na jana hiyo hiyo bibi yuko mahabusu kwa ajili ya chupa."

"Ndiyo."

"Na ulilijua hilo."

"Muuguzi mkuu alisema jambo limekwisha, ni mitishamba, turudi kazini. Nikarudi kazini."

Ellina alikunja kitenge. "Vaa sweta. Utakuja kituoni kusema hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze."

"Nitafungwa?"

"Sijui."

"Haya," Modester akasema, na akatafuta sweta lake.

*

Bwana Kadzuwa alisikiliza yote amesimama. Alimsikiliza sista, akamsikiliza Wyson, akaushika ule udongo wa maboga akaunusa, akakunja uso.

"Kwa hiyo bibi hakumuua mtu."

"Femia hakunywa."

"Na huyu sista nimshtaki kwa nini? Kuvuta kitenge? Kuna kifungu cha kitenge?"

"Kwa kitenge sijui. Aliona mtu asiye na kosa amefungwa, akanyamaza. Hilo lina kifungu."

"Mwendesha mashtaka atajua." Kadzuwa alijikuna kichwa. "Na yule mwenyekiti?"

"Nimemwambia. Nilimpa jina la kila niliyemhoji, nikamwambia akibomoa hata tofali moja atalala humu mahabusu."

"Akasema?"

"Akaomba lifti."

Mkuu akatoa funguo.

Bibi Nasilina aliambiwa yuko huru akiwa pale pale kwenye benchi. Hakushukuru. Aliuliza kama anaweza kwenda kwa mtoto. Ellina alitembea naye kuvuka barabara, taratibu kwa sababu magoti ya bibi yalikuwa yamekakamaa. Njiani alimweleza kidogo kidogo. Kwamba Femia aliimwaga ile dawa. Kwamba hakutaka mama yake alie.

"Aliimwaga," bibi akasema.

"Kwenye maboga ya Mama Fanesi."

"Haya."

Wakapita miti. Bibi akauliza, "Basi ni nini?"

Ellina alimweleza habari ya mimba inayokalia mshipa, na nyonga, na sokoto. Alimweleza habari ya sista. Hakusema zaidi ya hapo.

Bandani Mama Fanesi alisimama na kumkumbatia, akampa mtoto, akaanza kulia kwa sauti kwa niaba ya wote wawili. Bibi aliketi mkekani. Alimlaza mtoto mapajani, akauvuta mfuko wake, akaufungua. Kilichotoka kilikuwa kitenge chekundu, kipya, bado kimekunjwa kwa mikunjo ya dukani na karatasi imegandia pembeni. Aliing'oa karatasi. Alikifunua.

"Kilichokuwa chini yake ni kile cha korongo," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na sista alitafuta cha mtoto akakosa."

Ellina alikitazama kile chekundu.

"Hiki kilikuwepo. Nilikuwa nimekikalia, hapo mlangoni."

"Bibi, hukujua."

"Sijasema nilijua."

Alimfunga mtoto, mara moja, mara mbili, akabana mwisho chini ya kidevu. Muuguzi alitokea kwenye mlango wa upasuaji akaita jina la binti wa Mama Fanesi, kwamba sasa ni zamu yake, anaingia. Mama Fanesi alijifuta macho, akaanza kutafuta viatu.

"Fanesi," bibi akasema. "Cha mjukuu wako kiko wapi?"

"Kipo, dada. Nimekificha vizuri, chini kabisa."

"Kitoe."

"Mtoto bado hajalia!"

"Kitoe. Mpe binti yako mkononi aingie nacho. Na umwambie akisikia kichefuchefu aseme, akiona giza aseme, asione aibu. Na huyo wa usingizi umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kile cha nyongani hakitolewi mpaka mtoto atoke."

Wanawake wa banda waliacha kusonga. Mama Fanesi alimtazama Ellina, kama vile polisi ndiye mwenye ruhusa ya jambo hilo. Ellina alivua kofia akaishika mkononi, basi.

Mama Fanesi akapiga magoti, akauzamisha mkono kwenye mfuko wake hadi begani, akakivuta. Kilikuwa cha bluu. Akasimama nacho, akatoka chini ya bati, akavuka uwanja anakimbia na miguu yake mizito, na nguo ya mtoto ambaye bado hajalia ikapita juani mbele ya watu wote, na hakuna aliyefungua mdomo.